Mpiga Mbizi wa Nyanungu

Katika miaka yangu ya ualimu nimeona watu wakifanya mengi ndani ya vikao. Nimeona mtu akisinzia huku kalamu iko mkononi kama anaandika, nimeona mtu akisahihisha madaftari chini ya meza, na nimeona mtu akishikwa na tumbo la uongo mara tu mgeni rasmi aliposimama kusema. Lakini mtu aliyepiga mbizi katikati ya kikao, ameketi wima kwenye kiti chake, macho wazi, mtandio umetulia kichwani, nimemwona mmoja tu. Alikuwa mwalimu mkuu wetu.

Sisi walimu tulimwita Madam Mkuu. Wazazi walimwita Mama Mkuu, na wazee wa kijiji chetu cha Nyanungu, huku Tarime, ambao hawapendi kupoteza maneno, walimwita Mkuu basi. Alihamishiwa kwetu kutoka kisiwa kimoja huko kusini mwa pwani, mahali ambapo, kwa maelezo yake, ukishika njia yoyote asubuhi utaishia majini. Hapa kwetu ukishika njia yoyote asubuhi utaishia kwenye ng'ombe wa mtu. Tulimpa mwaka mmoja atakuwa ameomba uhamisho. Akakaa mpaka alipostaafu, akawa anatucheka sisi tunaovaa makoti mwezi wa saba.

Mimi ndiye niliyemgundua. Siku hiyo ofisa mmoja alikuwa anatueleza umuhimu wa kutunza muda, na alikuwa ameanza zamani. Nikageuka kumtazama Madam, natafuta mtu wa kuchoka naye, nikaona jambo lililonitisha: kifua chake hakipandi wala hakishuki. Pua imetulia. Uso una amani ya mtoto aliyeshiba. Nilikaribia kupiga kelele kwamba Mkuu ametutoka. Mara tumbo likamruka kidogo, likaruka tena, akaachia pumzi polepole kupitia midomo aliyoibana, akavuta nyingine, ndipo akaona namkodolea macho. Baada ya kikao aliniita pembeni akaniomba nisimseme. Alikuwa anafanya mazoezi.

"Hotuba ndefu haipotei bure, Mwalimu," aliniambia, "kama mtu una shughuli yako."

Tangu siku hiyo nilikuwa naye kwenye siri, na vikao vikawa vitamu. Kila mgeni akimaliza kusema namtazama Madam, naye ananionyesha kwa vidole chini ya meza ni msemaji wa pumzi ngapi. Wengi walikuwa wa pumzi mbili. Kulikuwa na mmoja kutoka Bomani, Tarime mjini, ambaye alipoanza tu "kabla sijasema machache niliyonayo," Madam alikuwa anajiweka sawa kwenye kiti kama mtu anayepanda basi la mbali.

Shughuli yenyewe ilikuwa hii. Huko kwao Madam huwinda samaki chini ya maji kwa mkuki, bila mtungi wa hewa, kwa pumzi moja aliyoshuka nayo. Alijifunza kwa baba yake, na kila likizo ya Desemba alikuwa anarudi kisiwani na kuingia kwenye miamba na miwani yake ya majini na kitambaa chake cha kichwani. Chewa, ambaye hukaa ndani ya pango lake akikuangalia kama karani aliyefungiwa dirishani, humfuati. Kolekole anayepita kwa kasi humkimbizi. Unashuka, unalala chini kwenye mchanga kama gogo, unangoja. Samaki ni mdaku. Akiona kitu kimelala hakitikisiki, atakuja kuuliza habari. Sasa mwenye pumzi fupi anapanda juu kabla mgeni hajafika, na mwenye pumzi ndefu anakula naye Krismasi, japo Madam alikuwa Mwislamu na Krismasi alikuwa anaisherehekea kwa kututumia salamu.

Tatizo ni kwamba miezi kumi na moja ya mwaka alikuwa Nyanungu, kwenye mlima. Mto Mara upo, lakini una mamba na viboko, na Madam alisema hao hawahitaji kuwindwa na mwalimu. Kwa hiyo akafanya mazoezi nchi kavu, kila siku ya Mungu, na shule nzima ikazoea bila kujua imezoea nini.

Asubuhi kabla ya kengele alikuwa anajilaza chali kwenye mkeka ofisini, mkono mmoja juu ya tumbo, anapumua polepole, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Baadaye anatoka, anasimama mlangoni, anatoa pumzi, anavuta moja ya utaratibu, anaifunga, halafu anaanza kutembea kuelekea getini kama mtu aliyesahau alichokuwa anafuata. Saa hakuivaa. Alisema ukitazama saa moyo unaanza kuhesabu, na moyo ukihesabu unakula hewa. Alijipima kwa shule. Mwaka wa kwanza pumzi yake ilikuwa inaishia kwenye mlingoti wa bendera. Ikafika kwenye tangi la maji. Miaka ikapita, akaanza kuligusa geti. Siku ya kwanza alipoligusa aliruka juu kama msichana, na sisi tuliokuwa gwaride tukampigia makofi, ingawa wenzangu walidhani anafurahia rangi mpya ya geti.

Watoto walijua kwamba Madam akiwa kati ya mlingoti na geti hasalimiwi. Wapya ndio walikuwa hawajui. Mtoto wa darasa la kwanza atampita mbio, atapiga magoti, "Shikamoo Madam," kimya, anabaki pale akidhani amekosea dini. Mara sauti inatoka mbali kule getini, kubwa, yenye furaha yote ya hewa mpya: "Marahabaaa!" Mtoto anasimama na kukimbia darasani kusimulia.

Sasa niseme habari ya mkuki, kwa sababu huo ulimjengea jina kuliko cheo chake. Ulikuwa fimbo nyembamba ya chuma yenye ncha na kijino kimoja. Kwao unabaki ukutani nyumbani kwa kaka yake, lakini mwaka mmoja aliuleta ili fundi wa kuchomelea wa Bomani aubadilishie ncha. Fundi alimtazama mama wa watu mwenye mtandio na miwani ya kusomea, akamwuliza kwa upole amegombana na nani. Madam akamjibu kwamba na chewa. Fundi akasema ukoo huo haujui.

Ulipotengenezwa akauegemeza kwenye kona ya ofisi yake, nyuma ya ramani ya dunia, akausahau. Wiki hiyohiyo mwenyekiti wa kamati ya shule alikuja kuongea habari za mahindi ya shamba la shule, ambayo yalikuwa yanapungua shambani kila yakikaribia kukomaa. Mwenyekiti ni mzee wa Kikurya hasa, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Akauona mkuki. Hakuuliza kitu. Akamaliza chai yake kwa adabu isiyo ya kawaida, akaondoka. Mwaka huo tulivuna mahindi hadi punje ya mwisho. Baadaye nilisikia kwamba kote kijijini ilikuwa inajulikana kuwa Mkuu analala na silaha, na kwamba wanawake wa pwani ni wakimya lakini wakiamua wameamua. Mwenyekiti mwenyewe aliniuliza tu swali moja. "Mwalimu Chacha, mura, ule mkuki wake mbona mwembamba vile? Anachomea panya?" Nilipomweleza kwamba ni wa samaki, tena chini ya maji, mtu ameshika pumzi, alinitazama kwa huruma akasema kama sitaki kumwambia ukweli ni sawa.

Na mtu huyu wa mkuki alikuwa anaogopa ng'ombe. Simtanii. Mtu aliyetuhadithia jinsi anavyopishana na mkunga, yule samaki mrefu wa mapangoni mwenye meno, kama anavyopishana na jirani, alikuwa akiona ndama kwenye njia ya shule anageuza na kupitia kwenye mtama wa watu. Watoto wa darasa la pili walikuwa wanamsindikiza. Alisema samaki akikutazama unajua anawaza nini, ng'ombe hujui. Lakini maziwa ya huyohuyo ng'ombe, yale ya mgando ya kwenye kibuyu, aliyanywa kuliko sisi wenyeji, na wake zetu walikuwa wanashindana kumpelekea.

Samaki, kwa upande mwingine, hakula. Ukimwandalia sangara kutoka sokoni anachukua mchuzi kidogo kwa heshima yako na kusogeza kipande pembeni. "Samaki niliyemkuta ameshakufa sina mazungumzo naye," alisema. Na huyo aliyefundisha subira chini ya maji alikuwa hana subira hata tone akiwa juu. Chaki ikikatika anaitupa. Bodaboda ikisimama kupakia mzigo anashuka na kutembea. Nilimwuliza siku moja ile subira yote huwa anaiweka wapi, akasema anaitumia kule inakohitajika, na huku Tarime ameona haihitajiki.

Nami nilitaka kujaribu, bila shaka. Nani angekaa na siri ile asijaribu? Siku moja wakati wa chai niliwaambia walimu wenzangu kwamba naweza kubana pumzi kumshinda yeyote pale. Nikafanya kama nilivyoona watu wakifanya kwenye simu: nikahema haraka haraka, nje ndani, nje ndani, kama mbwa aliyefukuza sungura, ili nijaze mapafu. Kisha nikafunga. Nilijisikia vizuri kupita kiasi. Sikusikia hamu ya kupumua hata kidogo, nikawaza kumbe jambo lenyewe ni jepesi. Kitu nilichokumbuka baada ya hapo ni birika la chai likiwa sakafuni nami nimelala kando yake, mwalimu wa hisabati ananipepea kwa daftari la mahudhurio.

Wengine wote walicheka mpaka machozi. Madam hakucheka. Aliniita ofisini, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika kweli.

"Ile hamu ya kupumua ni mgeni anabisha hodi," alisema. "Akibisha mara ya kwanza si lazima umfungulie, hewa bado unayo. Tumbo likiruka, ni hodi ya pili, anza safari ya kurudi. Ukihema vile kabla ya kuzama unamfukuza mgeni mlangoni. Nyumba itaungua na hakuna wa kukwambia."

Akaniambia habari za binamu yake. Alikuwa mzamaji hodari kuliko wote kisiwani, na kosa lake lilikuwa hilohilo la kuhema haraka ili akae zaidi, tena alikuwa peke yake siku hiyo. Walimkuta amelala kwenye mchanga kama anangoja samaki, mkuki uko pembeni yake, uso hauna hata dalili ya kuhangaika. Madam alikuwa kwenye mashua iliyomtafuta. Alinisimulia hayo akiwa anatazama ramani ya dunia, na alipoishia pale nilitamani nisingemwaga ile chai.

Baada ya msiba ule baba yake aliweka sheria, nayo ndiyo sheria ya familia yao hadi leo. Mmoja chini, mmoja juu. Wa juu amekaa kwenye mashua ameshika kamba iliyofungwa kwenye mkono wa mzamaji, na hana kazi nyingine duniani. Havui, hali, haongei, hatazami pembeni. Na mzamaji akitoa kichwa majini kazi ya wa juu haijaisha, kwa sababu wengine hupoteza fahamu wakiwa wameshafika juu, wameshaanza hata kutabasamu. Anaendelea kumtazama mpaka mzamaji avute hewa, atulie, aseme kwa sauti yake mwenyewe, "Hodi." Hapo ndipo wa juu anajibu, "Karibu." Bila hodi, hakuna karibu. Kwa Madam mtu wa juu alikuwa kaka yake mkubwa, na alizama naye tangu nywele zao zote ni nyeusi.

Nilifikiri maneno yake ni ya majini tu, mpaka siku wazazi wawili walipokuja shuleni kuhusu mpaka wa shamba. Ugomvi wa mashamba kwetu si jambo la kuchezea, na hawa walikuwa wamekuja na ndugu zao, na panga moja nililiona. Mwenyekiti wa kamati alipaza ile sauti yake ikaongeza moto. Madam akatoka ofisini, akasimama kati yao na kuwaambia hatasikiliza neno la yeyote ambaye hajatoa pumzi yote iliyo ndani yake. "Toa kwanza," alisema. "Kuvuta kutakuja kwenyewe." Walimwona kichaa. Lakini kumbukeni alikuwa mwanamke mwenye mkuki. Wakatoa. Wanaume wazima, uwanjani, wanapuliza kama wanapoza uji, na mmoja wao akajikuta anacheka kabla hajamaliza. Mpaka ule bado una ubishi, lakini siku ile hakuna aliyeumia, na mpaka leo Nyanungu mtu akipandisha hasira utasikia watoto wakimwambia, "Toa kwanza, mzee."

Mara moja tu nilimwona ndani ya maji, na hata hiyo haikwisha vizuri. Tulikwenda matembezi ya walimu upande wa Serengeti, tukasimama kupata chakula kwenye loji moja nje kidogo ya Mugumu, yenye bwawa la kuogelea la buluu. Wageni hawakuwepo. Sisi tukakimbilia chipsi. Madam alikwenda kubadili nguo, akarudi amevaa lile vazi refu la kuogelea la kina mama wa Kiislamu, akaingia majini bila kuaga, akalala kifudifudi juu ya maji, hatikisiki.

Mlinzi alikuwa anazunguka na rungu lake. Akaona mama amelala uso majini, na walimu zaidi ya kumi wanagombania kachumbari. Alijitupa na mabuti, na koti, na rungu, na redio ya mawasiliano. Tuliposikia kishindo na kugeuka, alikuwa ameshamshika Madam kwapani anamvuta ngazini huku akimwomba Mungu kwa Kinata, lugha ya kwao. Madam akafika ukingoni, akavuta pumzi, akavuta nyingine, akasema, "Hodi."

Yule bwana alibaki ameduwaa, maji yanamtoka kwenye mabuti. Sisi tukaanza kumcheka, Madam akatukata kauli. Alimshika mkono akamshukuru kwa dhati, akasema kosa ni lake, amezama bila kumwambia mtu, yeye anayewaimbia watu sheria. Redio haikupona. Kila Desemba baada ya hapo mlinzi yule alikuwa anapata kifurushi cha korosho kutoka kisiwani.

Halafu ikaja Januari ambayo Madam alirudi kutoka likizo akiwa vilevile alivyoondoka, bila ile rangi ya jua na chumvi. Alituletea korosho, akacheka nasi, akauliza habari za watoto. Lakini asubuhi ile akiwa kati ya mlingoti na tangi mtoto mmoja alimwamkia, naye akaitikia palepale. Kesho yake ikawa hivyo. Watoto walifurahi. Mimi nilikosa raha, nikamfuata.

Kaka yake alikuwa amepoteza macho. Presha ya macho, ilimnyatia kidogo kidogo bila yeye kusema, na Desemba ile walipofika kwenye miamba alikaa na kamba mkononi kwa muda, kisha akamwambia, "Dada, mimi nakuona kama kivuli. Sitakudanganya." Wakageuza mashua. Watoto wa kaka yake wanaogelea kama wamezaliwa humo, lakini macho yao yako kwenye simu, na Madam alisema kamba haimsaidii mtu kama jicho halipo. Kuzama bila mtu wa juu hatazama. Basi hana haja ya mazoezi. Alinieleza hayo yote huku anapanga chaki za rangi kwenye boksi, sauti nyepesi kabisa, na mimi nikaanza kumsaidia kuzipanga.

Mwaka mmoja baadaye akastaafu. Hakwenda kwao. Alikuwa amejenga nyumba ndogo Turwa, ana migomba pembeni na ukuta mrefu wa kuzuia ng'ombe. Watu walishangaa, mimi nilijua anaikimbia bahari asiyoweza kuiingia. Nilikuwa nikienda mjini napita kumsalimia, nakuta mkuki umesimamishwa mlangoni, umeanikiwa vitambaa vya jikoni. Vile vitambaa viliniuma kuliko nilivyotarajia. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mimi nitakuwa mtu wake wa juu.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe, Mwalimu? Wewe huwezi kunyamaza muda wa chai kuchemka."

Nikamwambia anijaribu. Akasema pia sijui kuogelea. Nikamkumbusha mwenyewe alivyosema, kwamba kaka yake alikuwa anakaa kwenye mashua na kamba, na kwamba hao watoto wanaojua kuogelea watakuwepo kwa kuruka majini. Kinachokosekana ni jicho. Jicho ninalo. Aliacha kucheka. Akaenda akaviondoa vitambaa kwenye mkuki, akavikunja.

Tulianza uani kwake. Yeye anatembea na pumzi kuzunguka migomba, mimi nimekaa kwenye kigoda namtazama, sina ruhusa ya neno. Siku ya kwanza nikamwambia, "Madam, umefika mbali leo," akarudi mlangoni akaanza upya. Siku nyingine jirani alinisalimu juu ya ukuta nikageuza shingo, akaanza upya. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimenyamaza hata mke wangu akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Polepole nikaanza kuona vitu ambavyo sikuwahi kuviona kwa mtu: bega linavyoshuka pumzi ikikubali kukaa, kope zinavyolegea, lile tumbo linavyoruka hodi ya kwanza na yeye anavyoipuuza. Nimekaa na watu miaka yote hii nikiwaongelesha, sijawahi kumtazama mtu kwa muda mrefu hivyo. Na niseme tu, nilimpenda yule mama kama mzazi wangu, nikaogopa.

Wakati wa masika, loji ikiwa haina wageni, mlinzi wetu alituombea ruhusa kwa meneja wake. Chuma hakiruhusiwi bwawani, kwa hiyo mkuki ulibaki kwenye gari, na mlinzi akaleta kiazi kitamu kutoka jikoni, akakitupa upande wenye kina. Kikazama, kikalala chini kikitungoja. Alivua mabuti kabla, safari hii, akasimama ukingoni tayari. Mimi nikakaa chini miguu imekunjwa, kamba mkononi, na upande wa pili wa kamba ukafungwa kwenye mkono wa Madam.

Alishuka mara ya kwanza, akalala kando ya kiazi, akapanda. Kichwa kilipotokeza tu, kwa furaha nikasema, "Karibu, Madam."

Alinitazama huku maji yanamtiririka. Alivuta pumzi zake kwanza. "Umefungua mlango kabla sijabisha," alisema. "Ningekuwa nimekufa ungenikaribisha wapi? Turudie."

Alipumzika sana, amejishika ukingoni, anatoa pumzi ndefu moja baada ya nyingine, bila haraka, bila kuhema. Mlinzi alitaka kusema kitu nikamnyooshea mkono. Kisha akashuka.

Safari hii alikaa. Alilala kwenye sakafu ya bwawa, mkono mmoja umenyooshwa kwa kiazi kama anakingoja kimsogelee, vazi lake linapepea taratibu, basi. Mvua ya rasharasha ilianza ikatia madoa juu ya maji, nikainama zaidi nimwone. Niliona tumbo likiruka. Nikakaza kamba kidogo, nikaihisi iko hai. Likaruka tena. Akakichukua kiazi bila pupa, akakunja magoti, akaanza kupanda, na kichwa kikatoka.

Alikuwa anatabasamu, kiazi mkononi. Sikusema kitu. Akavuta pumzi. Mlinzi akanigusa bega, sikugeuka. Akavuta ya pili, akafuta maji usoni, macho yake yakatulia kwenye yangu.

"Hodi," alisema.

Nilifungua mdomo neno likakataa. Kifua kilikuwa kimejaa mpaka shingoni, kimefungwa, na masikio yananivuma. Wala sijui ni tangu lini nilikuwa nimeacha kupumua.

"Toa kwanza, Mwalimu," aliniambia.

Nikatoa. Ilitoka ndefu, na machozi yakaja nayo, na mlinzi akajifanya anatafuta mabuti yake. Ndipo nikamwambia karibu.

Madam akaja hadi ukingoni, akaniwekea kiazi kwenye kiganja, akaanza kuifungua kamba mkononi mwake.

"Desemba," alisema, "usipange safari nyingine."